Pikapu ya Ubaruku na Dai la Marehemu

Siku ya sabini na mbili ya eda, Amna binti Salehe aliisikia pikapu ya Bartholomeo ikiingia uani, akajua imerudi na ugonjwa wake uleule. Kuiona asingeweza. Wifi yake, Waridi, alikuwa amelipigilia pazia la dirisha misumari minne tangu wiki ya msiba, kwa sababu ua wa nyumba yao hapo Soweto, Mbeya, ndio gereji ya marehemu Othmani, na wanaoingia humo ni wanaume tu. Ikawa gereji aliyoizoea kwa macho sasa anaipata kwa masikio tu: nyundo, jeki, kicheko cha mtu asiyemwona. Ndani palikuwa na jiko la mkaa, mswala na kuta nne.

Alizaliwa Kihesa, Iringa, mtoto wa muuza vitambaa. Alimaliza kidato cha nne, akaolewa na Othmani, kijana mwenye boksi moja la spana na maneno machache. Miaka ishirini na sita alimmulikia tochi. Mume alilala chini ya gari, mke alichuchumaa kando, na mwanga ukiyumba aliulizwa, "Mama Naima, umeshafika Iringa?" Hivyo ndivyo alivyojifunza kazi, bila mtu kukusudia kumfundisha. Oili ya difu, lile bonge la gia kwenye ekseli ya nyuma, aliijua kwa harufu, kali kama yai lililoharibika.

Siku ya maziko, kabla watu hawajatawanyika, Adamu, mdogo wake marehemu, alisimama akatangaza kama ilivyo ada: mwenye dai lolote kwa kaka yake amfuate yeye, au amsamehe. Bartholomeo alikuwepo. Ni Mlutheri, mbeba mpunga wa Ubaruku, lakini alivua kofia akasema hamdai marehemu kitu. Siku nne tu nyuma Othmani alikuwa amembadilishia sili ya pinioni, ule mpira unaozuia oili isitoke pale propela inapoungana na difu. Baada ya wiki chache difu ikalowa tena. Adamu akaweka sili nyingine. Sasa imelowa mara ya tatu, na oili imerushwa na propela hadi kwenye sakafu ya bodi.

Bartholomeo hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Amna.

"Adamu, pale makaburini nilisema simdai kaka yako. Leo nayarudisha maneno yangu. Aliniharibia difu, na siwezi kusamehe kitu ambacho bado kinavuja."

Amna aliketi. Aliyelala kaburini hawezi kuinuka ajitetee, na yeye aliye hai hawezi kuvuka kizingiti amtetee. Akamngoja Adamu aseme neno. Adamu akasema huenda kaka aliikaza nati kupita kiasi akaumiza beringi, maana siku zile alikuwa mgonjwa. Hayo yalimchoma kuliko ya Bartholomeo.

Alipolisogelea dirisha, Waridi aliacha kuchambua mchele. "Wifi, sauti yako."

"Nimekatazwa mlango, Waridi. Sikukatazwa haki ya mume wangu." Akaita kupitia pazia, "Shemeji Adamu."

Alimuuliza kama zile nukta zipo. Othmani hakulegeza nati ya pinioni hata siku moja bila kupiga nukta mbili kwa tindo, moja juu ya nati na moja kwenye ncha ya mhimili, ili nati irudi palepale ilipokuwa. Ikipitiliza, beringi zinabanwa, isipofika, zinacheza. Adamu alipangusa, akasema nukta zinatazamana. Akamuuliza kama flenji, kile kisahani kinachoshika propela, inacheza akiitikisa. Haichezi. Na ule ukingo inapokaa sili, je, umelika? Adamu alijibu kwamba aliukagua mara ya pili, ni laini kama kioo.

"Basi sili haina kosa, na aliyeikaza nati hana kosa. Oili inasukumwa kutoka ndani. Peleka mkono juu ya difu, penye kitundu cha kupumulia."

"Shemeji, siku hizi unatengeneza magari kwa redio?" Adamu alisema, lakini Amna alisikia mgongo wake ukiteleza chini ya gari. Difu ikitembea hupata moto, hewa yake ikavimba, na njia yake ya kutokea ni kile kitundu. Kikizibwa, itajitafutia pengine.

Ukapita muda. Kisha ikasikika pumzi ndefu, kama ya tairi linalotolewa upepo.

"Ndala," Adamu akasema. Kipande cha ndala ya bluu, kimekatwa vizuri na kufungwa kwa ukanda wa tyubu.

Bartholomeo akakiri kwamba aliifunga yeye. Kisha akaeleza kwamba masika mifereji ya Ubaruku hujaa hadi magari yanalowa hadi ekseli, maji yanaingia kwenye difu na oili inakuwa kama maziwa. Kwao wote wanakiziba kitundu. Mwaka huu maji yalipokauka, alisahau kuzibua.

"Umeivisha difu ndala, Bartholomeo," Adamu alisema. "Ikikudai na soksi, usinifuate."

Wanaume wakacheka. Amna hakucheka. Othmani alizoea kugusa kitundu kile kabla ya jambo lolote. Siku ile ya pikapu hii aliinua mkono, haukufika juu, akaurudisha kifuani, akafunga kazi. Amna alikuwa ameshika tochi. Aliona, akanyamaza, kwa sababu alitaka mumewe aende akalale. Hakuna mwingine anayelijua hili, na jina la mumewe lilikuwa limeshasafishwa. Angeweza kukaa kimya. Lakini Mungu naye aliona.

"Bwana Bartholomeo," aliita. "Siku ile hakukigusa kitundu. Mkono wake haukufika. Niliona, na sikumwambia. Hilo ni dai la kweli, na mimi nina fungu langu ndani yake."

Kivuli cha Bartholomeo kilikuja kikasimama nyuma ya pazia, kikamsalimu kwa Kihehe cha kwao Iringa.

"Kamwene, Mama Naima. Ndala niliikata mwenyewe. Mkono wa mgonjwa siudai, wala wa aliyemuuguza. Simdai kitu, na safari hii maneno yangu hayarudi."

Amna aliegemea dirisha kwa uzito wake wote.

Nje Adamu alianza kazi. Amna aliifuata yote kwa sikio: sili ya zamani ikichokolewa, mpya ikigongwa taratibu kwa kipande cha bomba, kulia, kushoto, juu, chini, isiingie upande. Nati ikakazwa, ikasimama kwenye nukta ya marehemu. Oili ikamiminwa. Kisha pikapu ikatoka kwenda kujaribiwa njia ya Uyole. Zamani angesimama getini kusikiliza kama difu inavuma. Sasa aliisindikiza kwa masikio hadi kona, ikapotea.

Waridi akaona kwamba kuegemea kule kumelegeza msumari mmoja. Akaenda kuchukua nyundo. Aliupiga polepole, huku machozi yakimshuka, kwani Othmani alikuwa kaka yake wa kuzaliwa naye. Amna akamshikia pazia.

Zilibaki siku hamsini na sita.