Uzi Chini ya Ulimi

Binti yangu alikuwa amepita umri wa miaka mitatu bila kutamka neno hata moja. Wiki hiyo tulikuwa tumemwacha Kajiado kwa nyanya yake, mama mkwe wangu. Asubuhi shemeji yangu akanipigia simu: kuna mwanamke ameitwa aje amkate mtoto uzi wa chini ya ulimi. Sikumbuki kama nilifunga mlango wa nyumba pale Kitengela. Nilifika nikiwa na hasira.

Niliwakuta uani. Mtoto alikuwa amepakatwa na nyanya yake, mdomo wazi, akidhani ni mchezo. Mwanamke yule alikuwa ameshika wembe mpya, bado uko kwenye karatasi yake.

“Mama, hakuna mtu atamkata mtoto wangu,” nilisema kabla hata ya kusalimu. Kwa familia ile, kutosalimu peke yake ni tusi.

“Ulimi yake imefungwa,” mama mkwe akajibu. “Hata baba yake alikatwa, na saa hii ako na maneno mingi.”

Hapo alisema kweli. Mume wangu hanyamazi.

Lakini mimi hufundisha mambo ya lugha chuoni, na sikuwa tayari kushindwa. Nilimwambia mbuzi wake wote wana ndimi zisizofungwa na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwamkua. Lugha inakaa kwenye ubongo. Wataalamu wanabishana tu ilifikaje huko: wengine wanasema mtu huzaliwa nayo tayari, wengine wanasema tunafunzana, na wengine wanadai watu wa kale waliongea kwa mikono kabla ya kuongea kwa mdomo. Mbwa hubwekea kilicho mbele yake. Binadamu husimulia hata kisichokuwepo.

“Basi tuone kama iko kwa ubongo,” akasema.

Hapo ndipo nilipoogopa. Hospitalini walishampima masikio na anasikia vizuri. Kama shida ilikuwa kwenye ulimi, ulimi una dawa. Ila kama ilikuwa kule nilikosema mimi, ni wembe gani ungefika? Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nilitamani mama mkwe awe ndiye anayesema ukweli.

Alimshusha mtoto na kumwambia kwa Kimaa, lugha yao ya Kimaasai, bila kunyoosha kidole popote: nenda zizini, uniletee yule mbuzi mdogo mweusi aliyefiwa na mama yake. Mtoto akaenda. Tukangoja. Akarudi mikono mitupu.

Mama mkwe hakunicheka. Alinitazama kwa huruma, na hiyo iliniuma kuliko kicheko. Mgeni wake akaanza kuufungua wembe. Nilisimama katikati yao, mimi na masomo yangu yote.

Mtoto alimvuta nyanya yake shuka. Akakunja mikono kifuani kama anayebeba kitu kidogo. Kisha akaokota kijiti, akakilaza nyuma ya shingo, akaning'iniza mikono juu yake na kutembea kwa madaha hadi langoni. Ulikuwa mwendo wa babu yake mtupu. Akaonyesha barabarani.

“Mzee alitoka saa ngapi?” mama mkwe akauliza.

Hakuna aliyejua. Akampigia simu, tukamsikia mzee akisema amembeba yule mdogo, amempeleka kwa ndugu yake ambaye mbuzi wake ana maziwa. Alitoka bila kumuaga mtu. Mtoto tu ndiye aliyemwona.

Mama mkwe aliushika mkono wa mgeni wake. “Rudisha hiyo wembe kwa karatasi. Kunywa chai, uende.”

Nilimkumbatia binti yangu nikilia kwa sauti, bila kujali nani ananitazama. Akanisukuma. Alikuwa amekasirika. Akaokota tena kijiti chake, kwa sababu hakuwa amemaliza kutueleza.