Safari ya Kuukomboa Usukani wa Siafu

Simu ya mama ndiyo iliyonitoa Morogoro. Wenzangu wa Kihonda mnajua kwamba mimi fundi bodi siachi gari likiwa limepakwa puti nusu nikaenda kutembea. Lakini mama alisema, "Mjomba wako Mhina amepata ajali na Siafu. Mzima, ameumia mkono tu. Ila anataka gari liuzwe chuma chakavu. Nenda ukalitazame kabla hajaliuza." Nikatia nyundo zangu ndogo kwenye begi.

Kwa msiomjua, Siafu ni gari la michezo la milango miwili, jekundu, limelala chini hata kokoto unazisikia kwa makalio. Mjomba alilinunua enzi zile akiwa fundi mitambo wa shamba la mkonge, kwa bosi mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Walimcheka sana: gari la namna hiyo Sindeni, ulipeleke wapi? Akalipeleka harusini. Tangu hapo bibi harusi wa Sindeni au Kwedizinga asiyepanda Siafu alijiona kama kaolewa nusu. Hata mimi lilinipeleka kwa mume, mpambe wangu akiwa amekunjwa kiti cha nyuma kama mkeka.

Asubuhi ya Jumatatu nilipanda basi la Tanga. Chalinze tukanywa chai, Mkata nikashuka, nikapata gari dogo la kwenda Handeni. Mjini hapo nilinunua mkate na sukari, maana huendi kwa mjomba mikono mitupu, kisha bodaboda akanifikisha Sindeni jua likiwa bado kali.

Mjomba nilimkuta uani, amekaa ameupa mlango mgongo, mkono wa kulia umefungwa bendeji.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuzika?"

"Nimekuja kupima."

"Hakuna cha kupima pale."

Alinisimulia kwa shida. Alikuwa anamtoa bibi harusi, Mwajuma, kwao Kwedizinga kumpeleka kwa mume huko Mpale, milimani. Kwenye kona, ng'ombe wa wafugaji wakaingia barabarani. Mjomba akakata usukani, gari likaenda kugonga ukingo wa karavati. Kioo cha mbele kikapasuka, kikamchana Mwajuma kwenye paji la uso. Walimshona, akaolewa na bendeji yake.

"Nikifumba macho naliona lile shela," alisema. "Jeupe, halafu damu. Mtoto wa watu nimemchukua mikononi mwa mama yake. Sishiki usukani tena mimi."

Mkewe, Mama Rehema, alinivuta jikoni. Tangu siku ile mjomba hajaenda msikitini wala gulioni, na hajamtazama Mwajuma wala gari. Nilimwonea huruma. Mjomba Mhina ninayemjua mimi husikika kabla hajaonekana.

Kesho yake nilikwenda peke yangu Korogwe. Siafu alikuwa kwenye ua wa Mzee Masanja, rafiki wa mjomba tangu mkongeni, mtoto wa Wasukuma waliokuja zamani kukata mkonge wakabaki. Ndiye aliyelivuta gari kwa lori lake. Hakuwepo nilipofika, nikaanza kazi bila kumngoja.

Boneti lilikuwa limekunjamana, shoo, ile sura ya mbele, imeingia ndani, rejeta imepasuka. Pigo lote lilikuwa upande wa kulia, upande wa dereva. Wa kushoto haukuwa na hata mkwaruzo. Hilo nililiona ajabu kidogo, nikaliweka akilini. Nikafunga uzi kutoka kona ya mbele hadi kona ya nyuma ya upande wa pili, nikaupima, kisha nikapima kona zilizobaki. Nyuzi mbili zikilingana, chasisi haijapinda. Hizi zilipishana kwa upana wa kidole, na kidole kimoja kinavutika. Milango ilifunga vizuri. Moyo wangu ukapanda: Siafu anapona.

Ndipo nikatazama vizuri. Gari nililikuta juu ya magogo, nikadhani tairi zimewekwa pembeni; uani hapakuwa na hata moja. Taa za mbele hazipo. Nikachungulia ndani: usukani hakuna.

Mzee Masanja alipoingia, mimi nilikuwa nimeshachemka. Sikumwamkia. Nilimwita mwizi mbele ya majirani, nikasema napita polisi. Akaketi kwenye gogo akacheka mpaka akakohoa.

"Wewe mtoto wa Morogoro, mama yako hakukufundisha? Mimi mtani wa Mhina. Mhina kafiwa. Kwenye msiba wa mtani wangu nabeba hata sufuria la ubwabwa likiwa motoni."

"Aliyefiwa nani, mzee? Hili ni gari!"

"Kama si msiba, mbona kajifungia ndani?"

 Utani wa makabila naujua, lakini wa kwetu mjini ni wa maneno. Wa kubeba tairi sikuwahi kuuona.

"Vitu vyake viko kwa watani," akaendelea. "Havirudi kwa pesa, wala havirudi kwako. Aje mwenye msiba mwenyewe, avikomboe kwa kuku, atukanwe kidogo."

"Na usukani?"

"Uko Mpale. Kwa bibi harusi. Ule nimeuweka amana."

Nilimtazama, naye akaacha kucheka.

"Siku namzika mke wangu," alisema taratibu, "Mhina aliingia kaburini, akalala. Akasema hatoki mpaka nicheke. Watu wakamvuta, hatoki. Nilicheka, mwanangu. Nilicheka huku nalia. Sasa zamu yangu."

Nikamwamkia hapo hapo, kwa kuchelewa, na nikamwomba radhi. Akapokea yote mawili.

Niliporudi Sindeni na kumweleza mjomba, alisimama. "Masanja! Lile jitumwa langu! Tairi zangu?" Sauti ilifika kwa jirani. Mama Rehema alinikonyeza, akaenda kufungua banda la kuku.

Jumatano asubuhi tulianza kukomboa, mimi nimeshika kuku na mjomba ameshika hasira. Kwedizinga tulimkuta Mama Kabula, binamu yake Masanja, amekalia tairi letu akichambua mchicha.

"Nani huyu?" aliuliza. "Nilisikia Mhina kafa na gari lake. Au huyu mzimu?"

"Mzimu wa kukutoa wewe kwenye tairi langu!"

"Kuku mwenyewe amekonda kama dereva wake. Lete hivyo hivyo."

Majirani walicheka, na pembe ya mdomo wa mjomba ikacheza. Tairi nyingine tulizikomboa njiani, na taa zilikuwa kwa mtani mwingine, mzee wa kanisa, aliyezifunika kwa kitambaa cha kwaya. Alimwambia mjomba kwamba amezifanyia ibada, na kwa kuwa marehemu alikuwa Mwislamu, ada yake ni kuku wawili. Jioni ile mjomba alikula ugali wote.

Alhamisi ilibaki Mpale, na kicheko kikaisha. Kutoka Korogwe gari tulilopanda lilikata kona moja baada ya nyingine, hewa ikazidi kuwa baridi, migomba ikatuzunguka.  Tulipofika mlangoni kwa wakwe wa Mwajuma, mjomba alinishika mkono kwa nguvu, kuku akapiga kelele.

Mwajuma alitoka na usukani ameufunga kwenye kanga. Kovu lilikuwa juu ya nyusi, bado jekundu.

"Shikamoo, mjomba."

Mjomba alitazama chini. "Marahaba. Nisamehe, mwanangu."

"Mbona umechelewa hivi? Kila siku nachungulia barabarani."

"Nilikuharibia uso. Nilikuharibia siku yako."

Mwajuma aliketi mbele yake ili aonekane hata na mtu anayetazama chini. "Mjomba, mimi nilikuwa kiti cha mbele. Niliona. Kushoto kulikuwa na gogo, kulia karavati. Ungekata kushoto, gogo lingenipata mimi. Ulikata kulia. Uliupeleka upande wako."

"Sikumbuki."

"Gari linakumbuka," nikadakia, maana hapo nililielewa lile la ajabu. "Kushoto hakuna mkwaruzo, mjomba. Nimelipapasa lote. Ulijitoa wewe."

Mjomba alilia. Alilia waziwazi, kilemba kikamdondoka, mama mkwe wa Mwajuma akajifanya ana shughuli jikoni. Mwajuma akamwekea usukani mapajani.

"Wazazi walinitoa kwa Siafu; nikienda kuwasalimia, nitarudi kwa Siafu. Nimeshamwambia mume wangu."

Kazi tuliifanya kwenye ua wa Masanja. Tulifunga nyuma ya gari kwenye nguzo, mbele tukaifunga mnyororo wa lori, Masanja akavuta kidogo kidogo nami nikiangalia uzi, mpaka kile kidole kikaisha. Nikanyoosha boneti, tukapata shoo na rejeta za gari lililokufa, kioo kikatoka Tanga. Rangi haikulingana sawasawa, kwa sababu ile ya zamani imeliwa na jua, na mjomba hakuacha kulisema hilo. Kila nyundo niliyopiga aliikosoa. Usukani hakuniruhusu kuugusa. Aliufunga mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, na ilimchukua asubuhi nzima.

Siku ya kusalimia, mkono wa mjomba ukiwa umeshapona, Mwajuma na mumewe waliteremka hadi Korogwe. Mume tulimpandisha kwenye lori la Masanja, Mwajuma akakaa mbele, mimi nikakunjwa nyuma. Karibu na ile kona ya Kwedizinga, ng'ombe walikuwa wanavuka. Mjomba alisimama mbali mno, akazima injini.  Walipita ng'ombe, wakapita ndama, akapita mchungaji akatupungia fimbo, na bado hatukuondoka.

"Twende, mjomba," alisema Mwajuma polepole. "Mama amepika."

Akawasha.

Kwedizinga watani walikuwa wamejipanga njiani wakiomboleza, Mama Kabula kajimwagia vumbi. "Kuku wa msiba tumeshawala!" alilia. "Na maiti anaendesha mwenyewe! Tutawatapikaje?" Mjomba alicheka mpaka ikabidi Mama Kabula amfungulie mlango. Mama yake Mwajuma alimkumbatia kabla hajamkumbatia binti yake.

Nimerudi Kihonda. Nilikwenda nikidhani nakwenda kupima bati, na nimejifunza kwamba ajali haianzi kupimwa kwenye boneti. Siku hizi mtu akiniletea gari lililogonga, kwanza namuuliza nani alikuwa ndani, na sasa yuko wapi. Wengine hunishangaa, wengine huketi wakaeleza.

Juzi mama alipiga tena. Mjomba amempeleka bibi harusi mwingine, kutoka Sindeni.

"Anaendeshaje?" nikauliza.

"Polepole," mama alisema. "Harusi nzima ilikaa ikimsubiri, na hakuna aliyenuna."