Kadi Mbili Langoni

Kwa miaka ishirini mwalimu wa darasa la sita pale mjini Maumere aliita majina kila asubuhi, kidole chenye chaki kikishuka daftarini, macho yakiinuka kwa kila “Nipo, Mwalimu!” Zilipoletwa kadi za kugusisha kwenye mashine langoni, alifurahi kupumzisha koo. Wiki mbili mfululizo mashine ikaonyesha mwanafunzi wake Marselina yupo. Ndipo alipomkuta mdogo wa Marselina akigusisha kadi mbili.

“Wee, hiyo ya pili ya nani?”

“Ya dada. Kapelekwa Kupang, kisiwa kingine, kazi za ndani. Mama hataki afutwe shule.”

“Wiki mbili! Mbona hukuniambia?”

“Hukuuliza, Mwalimu.”

Mwalimu aliingia darasani, akasimama mbele ya kiti kitupu alichokipita siku zote hizo akiiamini mashine.