Jembe Si Mazoezi, Asema Kunigunda

Saa tisa alasiri, Kunigunda Ndunguru anajipaka chaki vidoleni, anarudi nyuma hatua tatu, anakimbia, anaruka na kuugonga ukuta wa ghala. Akishatua anaitazama alama, anasonya.

"Vidole vinne chini," anasema. "Mwezi jana nilifika kwenye ule ufa."

Mwandishi wa habari hizi alipouliza kama si uchovu wa siku moja tu, nusura apakwe chaki usoni.

Kunigunda, 27, anachambua kahawa kwa mnunuzi binafsi mjini Mbinga, shilingi 400 kwa siku. Pia ni nahodha wa timu ya wanawake ya mpira wa wavu. Zamani timu ilikuwa ya ushirika, uliowapa mwalimu, viatu na maziwa. Tangu wanunuzi binafsi waingie mwaka 1994, ushirika umebaki na ghala tupu, na timu imebaki na kamati.

Wiki iliyopita kamati hiyo ya michezo ilifuta kambi yao ya wiki mbili kabla ya mashindano ya taifa ya Aprili. Timu ya soka ya wanaume, iliyotolewa raundi ya kwanza mwaka jana, kambi yake ipo, tena na mbuzi wawili.

"Katibu Placidi alituambia, 'Ninyi akina mama mmezaliwa na mazoezi. Machi yote mnachimba ngolo. Kambi ya nini?'" anasimulia Bonifasia, mchezaji mwenzake. "Nikamwambia, shikamoo baba, hivi wewe umewahi kuchimba hata shimo moja?"

Ngolo ni mashimo ya shamba la mteremkoni. Mwanaume hufyeka majani, akayalaza kwa miraba, kisha huenda zake kusimulia alivyochoka. Mwanamke huinama kutwa akichimba katikati ya kila mraba na kuyafukia majani kwa udongo, ndipo apande maharage.

Kwa miaka mitatu Kunigunda ameandika alama za wachezaji wote tisa ukutani. Kila Machi zinashuka. Mwaka jana walitoka shambani moja kwa moja hadi uwanjani, wakafungwa seti tatu bila.

"Kamati ikasema hatuna moyo. Moyo tunao! Miguu ndiyo tuliyoiacha kwenye ngolo."

Alimleta katibu aone. Katibu akatazama, akasema chaki hufutika, akaondoka.

"Jembe lingekuwa mazoezi," anafoka Kunigunda, "makombe ya nchi hii yangejaa jikoni kwa mama yangu."

Sasa hawamwombi mtu. Jumatatu watapanda lori kwenda Lituhi, ziwani, nyumbani kwa mama wa mchezaji mwenzao Lidia, mpokeaji mahiri wa mipira, wakiwa na unga wao wenyewe. Wiki mbili wataruka kwenye mchanga wa ziwa, wapumzike, wale samaki.

Mume wa Kunigunda, Elias, anasikiliza akiwa ameegemea baiskeli. "Na ngolo zilizobaki, mama Asteria?"

"Majani umelaza mwenyewe, baba Asteria. Mwaka huu utayafukia mwenyewe."

"Wanaume wenzangu si watanicheka?"

"Wakucheke saa ngapi? Wake zao napanda nao lori moja."