Sura ya Katekista kwa Mbegu za Shangazi

Aibu hii kijiji chetu kizima cha Mapera kinaijua, kwa hiyo afadhali niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wanaoiongezea chumvi.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa wameanza kuingia vijijini, mimi nimemaliza shule, nakaa kwa shangazi. Shangazi akashuka Ngumbo, kule ziwani, kubadilisha mahindi kwa dagaa wa usipa, akaniachia wanawe, Festo na Agatha, shule zimefungwa, mvua haikatiki, na watoto wakikosa la kufanya ndani wanaweza kung'oa hata mlango. Basi nikawaambia tutengeneze sura ya katekista wetu kwa maharage, tuyabandike kwa uji mzito wa muhogo juu ya gunia tupu la kahawa, aione Jumamosi jumuiya ikija kusali kwetu. (Kuchora nilijifundisha mwenyewe kwa kunakili picha za kalenda, kwa hiyo nilitaka sana kusifiwa.)

Maharage ya kupikia yalikuwa yametobolewa na wadudu, na mimi picha ikiwa na kasoro silali. Juu ya meko kilining'inia kibuyu. Nikakifungua, nikakuta maharage mekundu yanayong'aa, yote saizi moja. Nilijua ni mbegu. Nikajiambia wageni wakiondoka nitayabandua, nitayarudisha, hakuna atakayejua.

Watoto walifanya vizuri, aliyeharibu ni mimi: uji ukikauka pua inapinda, nalowanisha, nabandua, nabandika upya, kisha nafunika kwa kitambaa kibichi mpaka kesho, na kesho yake naanza tena.

"Dada, ameshafanana," Agatha akasema. "Mwache apumzike."

Sikumwacha.

Jumamosi shangazi akarudi, wanajumuiya nyuma yake, picha iko ukutani na kitambaa chake. Nikawaamkia wote shikamoo, nikasubiri katekista akae, nikavuta kitambaa taratibu kama mtu anayezindua kisima. Kidevu chote kilikuwa na vichipukizi vyeupe, na kimoja kirefu kilitoka puani.

"Katekista, umeota ndevu," Festo akasema.

Katekista akajipapasa kidevu. "Asubuhi nilinyoa."

Watu wakacheka, isipokuwa shangazi.

"Hayo umeyatoa kibuyuni?"

"Ndiyo, shangazi."

"Yote?"

"Yote."

"Ngoro zangu nimeshazichimba," akasema polepole, "na mbegu ilikuwa hiyo tu."

Kicheko kikakatika. Nilitamani sakafu inimeze. Katekista ndiye aliyesimama kwanza, akaliteremsha gunia ukutani. "Mama Festo, leo tusali kwa kifupi. Zimeshaota, tuzipande sasa hivi."

Tukapanda mlimani kwenye manyunyu, katekista kabeba uso wake begani, tukainama kwenye matuta yanayozunguka zile ngoro, mashimo yetu ya kilimo cha mlimani, tukibandua mbegu mojamoja, huku mama mmoja akiniambia, "Binti, hiyo ni pua ya mtu, itafutie udongo mzuri." Nikaitafutia, machozi yananitoka.

Vichipukizi vingi vilikatikia mikononi mwetu. Mwaka ule shangazi alivuna mbegu ya kurudisha kibuyuni tu, ya mboga tukanunua, na hakunigombeza hata siku moja, jambo lililoniuma zaidi. Kibuyu akakihamishia chumbani kwake.

Siku hizi watoto wakichoka na mvua nawapa udongo wa kufinyanga. Mtu wao akitoka na jicho moja kubwa, nafumbata mikono yangu, namwacha hivyo hivyo.