Unga Chini ya Mpera

Mimi nikishika fagio, niacheni. Sipendi kuona jani uwanjani, sipendi kuona kinyesi cha kuku, na mtu akipita na miguu yake yenye tope namsema hapo hapo, awe mgeni awe shemeji. Kwetu Somanda mkamwana hupimwa kwa uwanja wake kabla jua halijapanda. Mama mkwe wangu ana ulimi mkali kuliko wangu, na sifa pekee aliyowahi kunipa mbele ya watu ni hiyo: "Huyu wangu anajua kufagia." Nikavimba kichwa.

Pembeni mwa uwanja ulikuwepo mpera wake. Aliupanda mwenyewe alipohamia hapa kutoka Bukundi, na mapera yake yalikuwa mekundu ndani, matamu kweli. Kiangazi cha mwaka jana nikaanza kukuta unga chini yake kila asubuhi, unga wa kahawia, kama pumba. Nikaufagia. Kesho yake upo tena. Nikasonya, nikaufagia. Siku moja niliinua macho nikaona tundu kwenye shina, linaingia kidole cha mtoto, limezibwa kwa utando uliochanganyika na unga ule ule. Nikajua kuna mdudu ndani. Nikajisemea, mti mkubwa hivi, mdudu ataufanya nini? Tena kumwambia mama mkwe ilikuwa kujitafutia maneno. Angeniuliza kwa nini sikusema jana. Basi nikaendelea kufagia, naye akaendelea kunisifu.

Jirani yetu, bibi mmoja mjane, alikuwa rafiki wa mama mkwe tangu usichana wao. Walisali jumuiya moja, waliazimana chumvi na sufuria, na wakianza kutaniana kwa Kisukuma walicheka mpaka wakafuta machozi. Bibi huyo alijulikana kwa mkono wa heri. Msimu wa pamba ukifika, watu wa mtaani walimwita aangushe mbegu za kwanza shambani mwao, ndipo wengine wafuate. Alipenda hilo kuliko chakula. Kikohozi kikimbana, alikuja kwetu asubuhi, akatuamkia, "Mwangaluka, mayu," akachuma majani ya mpera, akaenda kuyachemsha anywe. Ndivyo ilivyokuwa miaka yote.

Mwaka jana alichuma kama kawaida. Hazikupita wiki nyingi, tawi lile alilochuma likakauka. Halafu la pili likafuata. Mama mkwe alisimama chini ya mti, mikono kiunoni, akaangalia juu kwa muda.

"Ni mkono wa yule," alisema. "Umegeuka. Sasa unakausha."

Nilikuwa nimesimama karibu yake, fagio mkononi, unga uko pale miguuni pangu. Nikafungua mdomo. Mdomo wangu huu, ambao haujawahi kumwogopa hata mwenyekiti wa mtaa, ukasema, "Mama, chai tayari." Mungu anisamehe.

Neno likishatoka halirudi, na hilo lilifika sokoni kabla yetu. Kwenye jumuiya wanawake wakaanza kumwachia bibi benchi zima. Msimu wa kupanda ukaja, na hakuna aliyemwita shambani kwake, hata mmoja. Mimi nilikutana naye njiani nikajifanya natafuta kitu kwenye pochi. Nilijua ninachofanya, na nilifanya hivyo hivyo. Usiku sikukosa usingizi, na hilo nalo linanisuta hadi leo.

Mwaka huu, zile pepo zinazotangulia mvua zikauvunja mpera katikati. Shina lilikuwa na mashimo ndani kama kipande cha muwa uliotafunwa na panya. Kwenye shimo moja alilala kiwavi mnene, mweupe, kichwa cha kahawia. Kwenye tundu jingine lilining'inia ganda tupu, mwenyewe ameshatoka. Mama mkwe akauliza, "Hiki nini tena?" Nikaingia kwenye simu nikatafuta. Ni mtoto wa nondo, wale vipepeo wa usiku wanaojigonga kwenye taa. Nikamsomea: wako aina nyingi za ukoo mmoja, huyu hutoboa mgunga, huyu mbono, huyu mpera. Mama yao hutaga kwenye gome. Watoto wanaingia ndani ya mti, wanakaa humo hata mwaka na zaidi, wanakula na kusukuma unga nje. Wakishaota mabawa hawali tena kitu. Wamekwisha kula.

"Unga?" mama mkwe aliuliza. "Mbona hatujawahi kuona unga?"

"Nilikuwa naufagia, Mama."

"Ulikuwa unauona?"

"Nilikuwa nauona. Hata kabla bibi hajaja kuchuma."

Nilisubiri matusi. Jamani, ningefurahi angenitukana. Alikaa juu ya shina lililoanguka, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Nenda kamwambie," alisema. "Mimi nitamtazamaje?"

Nilimkuta shambani kwake siku hiyo hiyo. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha, mashimo ya kupandia yamechimbwa tayari, na beseni la mbegu za pamba liko chini. Alikuwa amesimama tu, anamngoja jirani aliyeahidi kuja kumpandia, na jirani hajafika. Nikapiga magoti kwenye udongo ule ule wenye maji, nikamweleza yote, unga, tundu, kiwavi, fagio langu. Nikamwambia, bibi, mkono wako haujawahi kukausha kitu. Ni mimi.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe," alisema. Halafu akaniinua.

Nikachota mbegu kwenye beseni nikamwekea kiganjani. Alizitazama. Nilidhani atainama. Badala yake akazirudisha kwenye beseni polepole, hata moja isianguke.

"Nimekusikia, mwanangu, na nimekuamini," alisema. "Lakini mbegu nilizonazo ni hizi tu. Zikigoma sina nyingine. Panda wewe."

Nikapanda. Kila shimo nililoangushia mbegu niliomba iote, naye alinifuata nyuma akifukia kwa mguu, mikono ameificha ndani ya kitenge.