Kazi ya Kusema Sasa

Kazi yangu ilikuwa neno moja tu: "Sasa!" Rubani anayekwenda kuiingiza meli kubwa bandarini huipanda huko huko nje kwa ngazi ya kamba, akitokea kwenye boti yetu ndogo. Boti inapanda na kushuka, meli inakwenda mrama, na akiruka wakati mbaya anabanwa katikati. Mimi nikisimama ubavuni, viatu nimevua, nnahesabu mawimbi. Yakishapita makubwa matatu huja utulivu kidogo, na kabla haujafika mimi nshaujua kwa nyayo. Skuli niliacha darasa la tatu, lakini hilo nalijua.

Sharti lilikuwa mtu asinisemeshe nikihesabu. Miaka yote hiyo, na mazoea yakatufuata mpaka kwenye chai: wenzangu wakicheka wao kwa wao, mimi na kikombe changu. Hata mke wangu, Mungu amrehemu, akisema nnarudi na kimya cha boti. Akipika pweza wa nazi yule, basi tu. Lakini hayo si ya leo.

Kikaja kioo cha kompyuta, kikafungwa karibu na usukani. Kinayasoma mawimbi tangu yako mbali, na kinasema nusu dakika mbele meli itakaaje: kijani ruka, nyekundu ngoja. Tangu hapo wenzangu wakaona kimya hakina kazi tena, wakaanza kunisemesha.

"Shikamoo mzee, bado unasikiliza kwa miguu?"

"Marahaba. Hicho kioo chako kina nyayo?"

Tukacheka. Nilifurahi, sifichi.

Rubani lakini alishikilia lake: "Mimi nnamngoja mzee."

Asubuhi moja ya upepo wa kusi nikahesabu moja, mbili, tatu. "Nyekundu, mzee!" akapiga kelele yule mshika usukani. Nikamwona mjinga. Nikasema "Sasa!" rubani akaruka. Kumbe nyuma yangu boti ya abiria ya Dar ilishapita, na mawimbi yake, ambayo sikuyahesabu kwa kuwa sikugeuka, yakatunyanyua. Tukaigonga meli pale pale alipokuwa ameweka mguu. Mguu aliwahi kuutoa. Kilichobanwa ni kiatu.

Alipofika juu akainama. "Mzee," akasema, "mimi nna watoto."

Hakuna aliyenifukuza, mimi mwenyewe sikurudi.

Sasa nakaa Mtoni peke yangu, chumba kimoja, dirisha linatazama bahari. Nikiiona meli imesimama nje inangoja, miguu inaanza kuhesabu yenyewe. Nasema "Sasa!" kwa sauti, na humu ndani hakuna aliyekatazwa kunijibu.